Nani huionyesha damu njia ndani ya retina

Retina ina unene wa takribani robo milimita, lakini hulishwa kutoka pande mbili. Nyuma yake kuna koroidi, utando uliosheheni mishipa ya damu, unaozihudumia seli pokezi za mwanga. Mbele yake kuna ateri moja inayoingia jichoni kupitia katikati ya neva ya jicho, ikagawanyika matawi makuu manne, kisha vitawi, hadi kapilari zinazolisha seli za neva za tabaka za ndani. Daktari akikumulika ndani ya jicho, mishipa myekundu anayoiona ni hii ya mbele.

Mtandao huo wa mbele hujengwa kwa kuchelewa mno. Moyo wa mtoto tumboni huanza kupiga karibu wiki ya 6 ya mimba, ilhali retina hukaa bila mshipa wake hata mmoja hadi wiki ya 14 au 16. Ndipo mishipa huchomoza kwenye kichwa cha neva ya jicho na kutambaa kuelekea ukingoni. Ukingo wa upande wa pua hufikiwa karibu wiki ya 36, na wa upande wa sikio karibu wiki ya 40. Tofauti hiyo inatokana na umbali tu: neva ya jicho haiko katikati ya retina, imesogea upande wa pua. Kwa hiyo mtoto njiti wa wiki 28 huzaliwa akiwa na ukanda mpana wa retina ambao damu haijaufikia. Kuelewa kwa nini ukanda huo ni wa hatari, lazima kwanza tujue mishipa hujuaje pa kwenda.

Mti wa muda

Kabla ya mishipa ya retina kuwapo, jicho linaishi kwa mishipa ya hialoidi. Hutoka kwenye neva ya jicho, huvuka ute wa jicho, na kuizunguka lenzi kama kifuko cha nyuzi. Lenzi inayokua inahitaji chakula, lakini lenzi iliyokomaa haipaswi kuwa na mshipa wowote, maana ungezuia mwanga. Basi mti huu hubomolewa, na kwa kawaida mtoto anayetimiza miezi yake huzaliwa umeshatoweka.

Wabomoaji ni makrofaji, seli za kinga zinazokaa juu ya mshipa na kutoa protini iitwayo Wnt7b, ambayo huiamuru seli ya ukuta wa mshipa ijiue. Kwa panya, hata mwanga unaopenya tumboni una mchango: majike wajawazito waliofungiwa gizani siku za mwisho za mimba walizaa vichanga ambao mishipa yao ya hialoidi ilichelewa kutoweka.

Mti usipobomoka wote, hubaki shina lenye kovu nyuma ya lenzi, mara nyingi katika jicho moja, na mboni huonekana nyeupe. Mboni nyeupe kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi haingoji kliniki ya mwezi ujao, kwa sababu saratani ya retina nayo hujitokeza hivyohivyo.

Wahamiaji na wenyeji

Seli saidizi za retina, zinazojulikana kwa jumla kama glia, ni za aina tatu, na zinatofautiana tangu asili. Seli za Müller ni wenyeji: huzaliwa ndani ya retina kutokana na seli mama zilezile zilizozaa seli za neva, tena huwa miongoni mwa za mwisho kuzaliwa. Kila moja husimama wima kama nguzo kutoka upande wa ute hadi kwenye seli pokezi za mwanga. Astrositi ni wahamiaji. Hutoka kwenye neva ya jicho, huingia retina kupitia kichwa cha neva hiyo, na kutambaa juu ya uso wa ndani zikiwa zimejitandaza kama wavu. Mikroglia ni seli za kinga zenye asili ya kifuko cha kiinitete, nazo hufika mapema kabla ya mishipa.

Astrositi ndizo zinazochora ramani. Lakini nazo hazijiongozi. Seli za ganglioni, zile ambazo nyuzi zake ndizo neva ya jicho yenyewe, hutoa protini ya PDGF-A. Astrositi zina kipokezi chake, nazo huzaana na kusonga mbele kwa kuifuata. Ukiongeza PDGF-A kwenye retina ya panya, astrositi huongezeka, na mishipa huongezeka nyuma yake. Panya wasio na seli za ganglioni hawapati mtandao wa kawaida wa retina, na mishipa ya hialoidi hubaki. Kwa hiyo mpangilio ni huu: neva huita astrositi, astrositi huita mishipa.

Wanyama wengine wanalithibitisha jambo hili bila maabara yoyote. Sungura ana mishipa kwenye ukanda mwembamba tu wa retina, na farasi kuzunguka neva ya jicho tu. Astrositi zao nazo zinaishia hapohapo. Pimbi wa kufugwa wa Amerika Kusini (guinea pig), anayetumika sana maabara, hana mishipa ndani ya retina, wala astrositi. Seli za Müller wote wanazo. Hata katika jicho lako, kitovu cha doa la njano, pale unapoelekeza macho kusoma herufi hizi, hakina mshipa wala astrositi. Mishipa huzunguka na kuacha uwazi wa takribani nusu milimita, mwanga upite bila kivuli.

Njaa ndiyo injini

Astrositi zikishatandaa mahali ambapo damu haijafika, hukosa oksijeni. Ukosefu huo, ambao kwa tishu nyingine ni balaa, hapa ndio amri ya kazi. Protini ya HIF, ambayo kwa kawaida huharibiwa muda wote oksijeni inapokuwapo, sasa inanusurika, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni ya VEGF, protini inayoita mishipa ikue. VEGF inayotoka hainyunyizwi ovyo. Sehemu yake kubwa hunata kwenye sukari za utando unaozunguka astrositi, hivyo huwa nyingi mbele ya mishipa na chache nyuma yake.

Ukingo wa mishipa ya panya wa siku 5 ukiutazama kwa hadubini, unaona kazi ikiendelea. Kwenye ncha ya kila chipukizi kuna seli moja tu, iliyochomoza vidole vyembamba vingi vinavyopapasa mbele. Vidole hivyo vinalala juu ya mikono ya astrositi, mara nyingi kimoja kwa kimoja, kama mtu anayeshika kamba gizani. Seli hiyo ya ncha haigawanyiki; kazi yake ni kutafuta njia. Zinazogawanyika ni seli za shina zilizo nyuma yake, na ndizo zinazorefusha bomba. Ncha husoma mwelekeo wa VEGF, yaani upande upi ni mwingi zaidi; shina husoma kiasi tu. Ndiyo maana VEGF ikimwagwa kila mahali, mishipa haikui upesi zaidi. Ncha hupotea njia, mashina hunenepa, na unapata mishipa minene isiyokwenda kokote.

Nani awe ncha na nani awe shina huamuliwa kwa mashindano. Seli iliyopata VEGF nyingi huweka protini ya DLL4 juu ya uso wake, nayo hugusa kipokezi cha Notch cha jirani na kumzuia asiwe ncha. Ukizima Notch kwa dawa, karibu kila seli hutaka kuongoza: ukingo hujaa chipukizi, msitu mnene usiopitisha damu vizuri.

Damu ikishafika, oksijeni inayokuja nayo huzima HIF, VEGF hupungua, na astrositi zenyewe huacha kuzaana na kukomaa. Wimbi linahama hatua moja kuelekea ukingoni, ambako njaa bado ipo. Mfumo huu hauhitaji mchoro wa jumla wa retina mahali popote. Kila sehemu inadai damu kadiri inavyokosa, na inanyamaza ikishapata. Ni ustadi wa kupendeza, lakini una udhaifu mmoja mkubwa: ukiinyamazisha njaa kwa njia nyingine, ujenzi unasimama.

Kwa binadamu kuna ubishi wa kitaalamu ambao haujaisha. Baadhi ya watafiti wanaona kwamba mishipa ya kwanza ya katikati ya retina yetu haichipui kwa ncha tu, bali hutokana pia na seli changa zilizotangulia mbele na kujipanga kuwa mirija. Panya, ambaye tumejifunza kwake mengi ya haya, hatoi jibu la swali hilo.

Kushuka chini, kisha kupogoa

Tabaka la juu likikaribia ukingo, kwa panya karibu siku ya 7 au 8 baada ya kuzaliwa, chipukizi mpya hugeuka na kushuka wima ndani ya unene wa retina. Hufuata zaidi seli za Müller sasa, si astrositi. Hupita tabaka la kati bila kusimama, hujenga kwanza mtandao wa chini, halafu ndipo la kati hujazwa. Wiki ya 3 inapoisha kazi imekwisha. Seli pokezi za mwanga zilizo chini zaidi haziguswi, kwa sababu eneo lake lina kizuia VEGF, kipande cha kipokezi kinachoelea na kuinasa kabla haijafanya kazi.

Kushuka huku kunahitaji protini ya Norrin, inayotoka kwenye seli za Müller na kupokelewa na mshipa kupitia kipokezi cha Frizzled4. Jeni ya Norrin iko kwenye kromosomu ya X. Ikiharibika kabisa, mvulana huzaliwa na ugonjwa wa Norrie, uliopewa jina la daktari wa macho wa Denmark: retina haijengeki, upofu huanza tangu utotoni, na wengi hupoteza usikivu baadaye. Hitilafu ndogo zaidi kwenye njia hiyohiyo husababisha ugonjwa wa kurithi ambao mishipa huishia kabla ya ukingo. Ukitazama retina ya mtoto wa namna hiyo unaweza kudhani ni njiti wa zamani, wakati alizaliwa miezi yake ikiwa imetimia. Hapo ni vyema kuwapima wazazi na ndugu zake pia. Norrin hiyohiyo ndiyo inayokaza viungo kati ya seli za ukuta wa mshipa, hadi kupatikana kizuizi kinachochuja nini kitoke kwenye damu kiingie retina.

Mishipa inayojengwa mwanzoni ni mingi kuliko inayohitajika. Kapilari zilizo karibu sana na ateri, penye oksijeni tele, hunyauka, ndiyo sababu kila ateri huwa na kichochoro kitupu pande zote mbili. Mikroglia hushiriki upande wa pili, kuziunganisha ncha mbili zinapokutana. Panya wakipungukiwa mikroglia, makutano hupungua.

Kinachoamua mshipa gani unusurike ni perisiti, seli zinazoushika mshipa kwa nje. Seli ya ukuta hutoa PDGF-B, perisiti hufuata na kuukumbatia mshipa kwa nje. Retina ina perisiti nyingi kuliko karibu tishu yoyote mwilini, takribani moja kwa kila seli moja ya ukuta. Mshipa uliokwisha kukumbatiwa huvumilia VEGF ikipungua. Usiokumbatiwa hufa. Kwa mgonjwa wa kisukari perisiti ni miongoni mwa seli za kwanza kupotea, na kapilari iliyoachwa uchi huvimba vijifuko vidogo, vile vidoa vyekundu ambavyo daktari huvitafuta kila mwaka.

Jinsi ya kuyaona haya bila kujidanganya

Anayeanza kazi hii maabara hukosea kwenye mambo yaleyale. Jicho la panya huhifadhiwa kwa paraformaldehidi ya asilimia 4, kwa takribani saa moja kwenye barafu. Likikaa mno, baadhi ya kingamwili zinazotumika kupaka rangi hazishiki tena. Retina hutolewa nzima, ikakatwa mara nne kutoka ukingoni ili ilale bapa kama ua la petali nne. Mabaki ya hialoidi lazima yavutwe taratibu kwa kibano, la sivyo yatahesabiwa kama mishipa ya retina.

Mishipa hupakwa isolektini B4, protini ya mbegu za Griffonia simplicifolia, mmea wa Afrika Magharibi na Kati. Inahitaji kalsiamu ili ishike. Ukitumia bafa ya fosfeti bila kuongeza kalsiamu, rangi huja hafifu na utalaumu tishu bure. Tena isolektini hushika mikroglia pia, kwa hiyo seli yenye mikono iliyojitenga peke yake mbele ya ukingo usiiite ncha kabla hujaipaka rangi ya pili. Astrositi huonekana kwa kupaka rangi GFAP, protini iliyo tele ndani yake. Seli za Müller zenye afya huwa na GFAP kidogo sana, lakini zikijeruhiwa huipandisha. Ukiona mistari inayoshuka wima, retina hiyo imeumia.

Oksijeni inapowahi kufika

Mwaka 1942 Theodore Terry wa Boston alieleza utando mweupe nyuma ya lenzi za watoto njiti. Ugonjwa huo wa retina ya njiti ulienea zaidi katika hospitali zilizokuwa na vifaa vizuri kuliko zile duni, jambo lililowachanganya wengi. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne aliinyooshea kidole oksijeni. Jaribio kubwa la Marekani la 1953 na 1954 likathibitisha, na Norman Ashton wa London akaonyesha kwa watoto wa paka kwamba oksijeni nyingi hufuta mishipa michanga.

Tumboni, shinikizo la oksijeni katika damu ya mtoto ni karibu milimita 30 za zebaki. Akizaliwa na kupumua hewa, hupanda mara mbili au zaidi. Akiwekewa oksijeni bila kipimo, hupanda mno. Retina isiyo na mishipa inapata oksijeni kupitia koroidi, njaa inakwisha, VEGF inashuka. Ujenzi unasimama, na kapilari ambazo perisiti hazijazikumbatia zinakufa. Pia mtoto amepoteza kondo na sehemu ya homoni ya ukuaji ya IGF-1, ambayo VEGF huihitaji ili ifanye kazi. Ndiyo maana njiti asiyeongezeka uzito ana hatari zaidi hata oksijeni yake ikiangaliwa vizuri.

Awamu ya pili huanza karibu wiki ya 32 ya umri uliohesabiwa tangu hedhi ya mwisho ya mama. Seli pokezi za mwanga zinakomaa, mahitaji yanapanda, lakini mishipa haipo. VEGF iliyozimwa inawaka kwa kishindo, na mishipa inayoitikia haifuati tena wavu wa astrositi. Inachomoza kwenda kwenye ute, inavuja, inaota kovu, na kovu likinywea linaivuta retina. Kwa panya hali hii huigwa kwa kuwaweka vichanga kwenye oksijeni ya asilimia 75 kuanzia siku ya 7 hadi ya 12, kisha kuwarudisha kwenye hewa ya kawaida. Mafundo ya mishipa hufika kilele siku ya 17. Mama zao huathirika mapafu, hivyo hubadilishwa na wanyonyeshaji wengine.

Wodini, kosa linalojirudia ni kufurahia kipimo cha asilimia 100 kwenye kioo cha kipima oksijeni. Damu ikishajaa, kifaa hicho hakiwezi kutofautisha shinikizo la milimita 100 za zebaki na la 300. Kwa njiti anayesaidiwa na oksijeni, lengo linalotumika sana ni asilimia 90 hadi 95, kengele ya juu ikiwa imewashwa. Kushuka zaidi nako si suluhisho: majaribio makubwa ya asilimia 85 hadi 89 yalipunguza ugonjwa wa retina lakini yakaongeza vifo. Mashine ya kusaidia kupumua inayolishwa moja kwa moja na mtungi, bila kichanganyio cha hewa, haimwachii muuguzi nafasi ya kuchagua.

Marekani hupima macho ya wote waliozaliwa na gramu 1500 au chini, au wiki 30 au chini. India imepanua hadi chini ya gramu 2000 au wiki 34, kwa sababu pasipo udhibiti wa oksijeni hata watoto wakubwa zaidi hupofuka. Nasi tunaona hospitali zetu za Afrika Mashariki zinafaa kufuata mwelekeo huo mpana. Kipimo cha kwanza hufanyika wiki ya 4 baada ya kuzaliwa, au wiki ya 31 ya hesabu ya tangu hedhi ya mwisho ya mama kwa waliozaliwa wiki ya 27 au kabla. Kabla ya hapo hakuna cha kuona. Baadaye sana, retina inaweza kuwa imeshabanduka.

Ugonjwa ukifikia kiwango cha kutibiwa, muda ni saa 72. Leza huchoma ukanda usio na mishipa: seli zinazodai damu hufa, dai huisha, na ukanda huo haupati mishipa tena. Sindano ya bevasizumabu, mara nyingi miligramu 0.625 kwa jicho, huinasa VEGF bila kuua seli, na mara nyingi mishipa ya kawaida huendelea kutambaa. Lakini dawa huisha na seli zenye njaa bado zipo, hivyo ugonjwa unaweza kurudi miezi kadhaa baadaye, wakati familia imesharudi nyumbani na mtoto anacheka vizuri. Mwongozo wa Marekani unataka mtoto aliyechomwa sindano afuatiliwe hadi angalau wiki ya 65 ya hesabu ileile, yaani kama miezi sita baada ya tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yake kabla hajaruhusiwa.